Kosa la Kumwambia Mgeni Angoje Kiangazi

Ushauri unaotolewa mara nyingi zaidi kwa mtu anayetaka kuizuru Tanzania ni kwamba aje wakati wa kiangazi, yaani kipindi kikavu kinachohesabiwa kuanzia Juni hadi Oktoba, na kwamba miezi inayobaki, yaani kuanzia Novemba hadi Mei, ni miezi ya mvua ambayo afadhali aikwepe. Ushauri huo umejaa katika vitabu vya wasafiri, hutolewa na mawakala wa utalii wa Arusha na Unguja, na siku hizi hutolewa hata na Watanzania wenyewe wanapoulizwa na jamaa zao walioko ughaibuni, au na majirani wa Kenya na Uganda, ni lini waje kutembea. Makala haya yanaupinga. Hayakani kwamba mvua hunyesha, wala hayadai kwamba barabara ya udongo hupitika siku zote. Yanachodai ni kwamba nchi yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 945,000, inayopanda kutoka usawa wa bahari hadi kilele cha mita 5,895, haiwezi kukatwa vipande viwili kwa mstari mmoja wa kalenda, na kwamba anayeikata hivyo humnyima mgeni sehemu kubwa ya kile alichokifuata, na wakati huohuo humpunguzia mwenyeji riziki.

Chanzo cha kosa hilo ni kusahau jinsi mvua inavyoifikia nchi. Ukanda wa mvua, yaani eneo ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana karibu na Ikweta na kuzaa mawingu, hulifuata jua katika mwendo wake wa mwaka kati ya kaskazini na kusini. Maeneo yaliyo karibu zaidi na Ikweta hupitiwa na ukanda huo mara mbili, na ndiyo maana yana misimu miwili: vuli, ambazo ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na masika, ambazo ni mvua ndefu za Machi hadi Mei. Maeneo ya kusini, kati na magharibi hupata msimu mmoja mrefu, unaoanza Novemba na kuishia Aprili au mwanzoni mwa Mei, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huuita mvua za msimu. Mamlaka hiyo huyatenganisha makundi haya mawili katika utabiri wake wa kila mwaka: upande mmoja ipo Arusha, Manyara, Kilimanjaro, mikoa inayolizunguka Ziwa Victoria na pwani ya kaskazini pamoja na Unguja na Pemba, upande wa pili ipo mikoa kama Dodoma, Singida, Tabora, Katavi, Rukwa, Mbeya, Njombe, Iringa, Ruvuma, Lindi na Mtwara. Mwezi Januari, mkulima wa Songea yumo shambani akipalilia mahindi chini ya mawingu mazito, ilhali Arusha na Moshi jua linawaka na vumbi limeanza kutimka. Mwezi Mei, Unguja bado inanyeshewa wakati Dodoma imekwisha kukauka. Wakulima wa pande zote wanalijua jambo hili tangu utotoni. Inashangaza kuona kwamba elimu inayotumiwa kupanda mtama na kuvuna karanga hutupwa kando mara tu anapotokea mtu wa kuuliza habari za safari.

Pwani, kalenda ya wenyeji ni ya kina zaidi, kwa kuwa ilijengwa juu ya upepo. Kaskazi, upepo unaovuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, ndio uliokuwa ukiyaleta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba, na kusi, unaovuma kutoka kusini kuanzia Aprili hadi Septemba, ndio uliokuwa ukiyarudisha. Katika mzunguko wa pepo hizo hukaa masika ya mvua kubwa, kipupwe chenye baridi kidogo cha Juni hadi Agosti, vuli, na kipindi cha joto kavu cha Januari na Februari ambacho watu wengi wa visiwani ndicho hasa wanachokiita kiangazi. Ushauri wa kungoja Juni huifuta miezi hiyo miwili ya mwanzo wa mwaka, ambamo bahari ya Unguja imetulia na anga ni jeupe, kisha humpeleka mgeni Paje na Jambiani wakati wa kusi, upepo mkali unaowafaa wanaoteleza majini kwa tiara lakini usiomfaa mtu aliyetafuta maji ya kuogelea yaliyotulia. Vivyo hivyo Mafia. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiyemdhuru binadamu, huonekana kwa wingi karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, kipindi kinachozibeba vuli zote ndani yake. Mgeni aliyetii ushauri na kufika Mafia mwezi Julai kwa ajili ya papa potwe, huenda akarudi bila kumwona hata mmoja, na hakuna atakayemweleza kwamba kosa lilikuwa la aliyempangia safari.

Hata hivyo, hakuna mahali ambapo ushauri huu unajikanusha wenyewe kama Serengeti. Wageni wengi huja Tanzania kwa ajili ya kuwaona nyumbu wanaohama, kundi la wanyama zaidi ya milioni moja wanaotembea pamoja na pundamilia na swala, na wote huambiwa waepuke mvua, ilhali mvua ndiyo inayoliendesha kundi lote. Tambarare za kusini mashariki, kuanzia Ndutu hadi chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, ziko upande wa milima usiopata mvua nyingi, hivyo kwa mwaka hupata takriban milimita 500 tu, wakati pembe ya kaskazini magharibi hupata zaidi ya 1,000. Udongo wa tambarare hizo ni majivu ya volkano yaliyomwagwa na Kerimasi na Ol Doinyo Lengai. Nyasi zake ni fupi lakini zina kalsiamu na fosforasi nyingi, madini ambayo jike anayenyonyesha anayahitaji kuliko kitu kingine. Maji ya kunywa hayapo pale isipokuwa mvua inaponyesha na kujaza madimbwi. Kwa hiyo nyumbu huteremka kusini mvua zinapoanza, hukaa huko hadi Aprili au Mei, na huondoka pale madimbwi yanapokauka. Wanaokwenda kaskazini Julai hawakuchagua kaskazini kwa kupenda. Kiu ndiyo iliyowafukuza.

Katika miezi hiyo inayokatazwa, kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Machi, tambarare ya Ndutu hushuhudia jambo ambalo halina mfano wake kwingineko Afrika. Majike walio wengi huzaa ndani ya majuma mawili au matatu, mamia ya maelfu ya ndama, na wengi huzaliwa kabla ya jua kupanda sana. Ndama huanguka majanini akiwa amelowa, mama humlamba huku akiinua kichwa kila mara kuangalia fisi, na ndani ya dakika chache miguu inayotetemeka imekwisha kumwinua. Kabla siku haijaisha anaweza kukimbia ubavuni mwa mama yake. Kuzaa kwa pamoja ndiyo kinga ya kundi, kwa sababu simba, duma na fisi hushiba kabla hawajaweza kuwamaliza watoto waliozaliwa, na ndama anayezaliwa nje ya majuma hayo ana nafasi ndogo zaidi ya kuishi. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini Serengeti ipo na inaendeleaje kuwapo, hapa ndipo pa kuelewea. Kumwambia mtu huyo kwamba Februari ni mwezi mbaya kwa sababu kunaweza kunyesha mchana mmoja ni kumdhulumu.

Kilichowekwa badala ya hayo ni kivuko cha Mto Mara, huko Kogatende na ng'ambo ya Kenya, kati ya Julai na Oktoba. Ni tukio kubwa, na hakuna sababu ya kulidharau. Lakini mafuriko ya wageni katika miezi michache hiyo yameligeuza kuwa jambo jingine: magari yamebanana ukingoni, injini zinanguruma kila kundi linapoonekana kusogea, madereva wanazibiana njia wakitafutia abiria wao nafasi ya kupiga picha, na mara nyingine nyumbu wenyewe, waliokwisha kukaribia maji, hugeuka na kurudi nyuma kwa sababu mahali pa kushukia pamezibwa. Ushauri unaowapeleka watu wote mahali pamoja kwa wakati mmoja hauwezi kujitenga na madhara hayo.

Mfano wa pili hauna umaarufu wa Serengeti, lakini kwa hoja hii una uzito uleule. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyo katika nyanda za juu za Mbeya na Njombe kwenye mwinuko wa karibu mita 2,600, ilitangazwa rasmi mwaka 2005 na ndiyo hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya kulinda mimea. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ina zaidi ya aina 40 za okidi za ardhini, ambazo viazi vyake vilikuwa vikichimbwa kwa wingi na kuvushwa kwenda Zambia kupikwa chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa kuvitwanga viazi hivyo na kuvichanganya na unga wa karanga, na biashara hiyo ndiyo mojawapo ya sababu zilizofanya eneo hilo liwekewe ulinzi. Maua ya Kitulo huchanua kuanzia Novemba hadi Aprili, wakati ambapo uwanda mzima hubadilika rangi kila baada ya majuma machache kadiri aina moja inavyofifia na nyingine kuchipuka. Mwezi Julai, mwezi unaosifiwa kuliko yote, kuna jalidi asubuhi, nyasi zimekauka, na baridi ni ya kupenya koti. Kwa hifadhi hii ushauri wa kawaida umepinduka kabisa: miezi unayoipendekeza ndiyo ambayo hakuna cha kuona, na miezi unayoikataza ndiyo pekee iliyofanya hifadhi ianzishwe. Ni nani anayeweza kuhesabu wageni waliopita Chimala au Mbeya wakielekea kwingine kwa sababu waliambiwa kwamba nyanda za juu kusini hazitembeleki Januari?

Wanaotetea ushauri wa kiangazi wana hoja, na ya kwanza kati yake ni nzito. Barabara nyingi za hifadhini hupita juu ya udongo wa mfinyanzi mweusi, aina ya udongo unaovimba na kunata unapolowa hata magurudumu yenye nguvu yakazunguka mahali pamoja. Hifadhi ya Katavi haipitiki kabisa wakati wa mvua nyingi. Kambi nyingi za Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kando ya Mto Rufiji, hufungwa Aprili na Mei, na mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 yalionyesha ni kwa nini. Mwezi Mei mwaka huohuo, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga na wasafiri wa kusini wakakwama. Kupanda Kilimanjaro mwezi Aprili ni kujitakia matope msituni na theluji juu, ingawa hata hapo njia ya Rongai, inayoanzia upande wa kaskazini usiopata mvua nyingi, hupitika vizuri zaidi kuliko za kusini.

Haya yote ni kweli, na yote ni habari za mahali fulani katika majuma fulani. Hakuna hata moja linalothibitisha kwamba miezi saba ya mwaka inafaa kutupwa. Na hata kuyakwepa masika peke yake hakumlindi mtu: maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliyoufunika mji wa Katesh tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80 hayakutokea masika, bali katika vuli zilizozidishwa na El Niño, yaani hali ya kuongezeka joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki inayoweza kuleta mvua kubwa Afrika Mashariki. Aliyejifunza kwamba hatari iko Aprili tu, na kwamba Desemba ni salama kwa kuwa mvua zake huitwa fupi, amejifunza jambo linaloweza kumgharimu.

Hoja ya pili ni kwamba wanyama huonekana kwa urahisi zaidi wakati wa ukavu, kwa kuwa nyasi ni fupi na maji ni machache. Kwa Tarangire, ambako tembo hukusanyika kwa mamia kandokando ya mto kuanzia Julai hadi Oktoba na kutawanyika mvua zinapoanza, hoja hii haina wa kuipinga, na kwa Ruaha na Katavi pia. Kosa ni kuifanya kanuni ya hifadhi zote. Bonde la Ngorongoro lina wanyama mwaka mzima kwa sababu lina maji mwaka mzima, na ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia huwapo nchini kuanzia Novemba hadi Aprili tu. Kuhusu malaria, ambayo hutajwa kama sababu ya tatu, jibu ni fupi: maambukizi huongezeka baada ya mvua lakini hayaishi wakati wa ukavu, hasa katika ukanda wa Ziwa Victoria, na mgeni anayeacha chandarua chenye dawa na vidonge vya kinga kwa sababu amekuja Agosti amepotoshwa vibaya zaidi kuliko yule aliyekuja Machi akiwa amejikinga.

Ikiwa sababu za maumbile hazitoshi kuueleza ushauri huu, inafaa kutazama unamfaa nani. Julai na Agosti ni likizo za shule Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na biashara ya utalii ilijengwa juu ya likizo hizo. Wakati ambao mteja ana nafasi uligeuka kuwa wakati ambao nchi ni nzuri. Hata viwango vya ada vya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, vilivyotumika miaka ya karibuni kwa wageni wasio wakazi, vimeyatenga majuma ya kati ya tarehe 15 Machi na 15 Mei peke yake kuwa kipindi cha nafuu katika hifadhi kama Serengeti. Miezi miwili, basi, ndiyo ambayo wenye hifadhi wenyewe waliiona kuwa na upungufu wa wageni unaostahili punguzo. Midomo ya washauri imeirefusha ikawa saba.

Urefushaji huo una wanaoulipia. Hoteli zinapokosa wageni, wapishi, wahudumu, madereva na waongozaji wa mkataba wa msimu ndio wanaoambiwa warudi nyumbani wangoje simu, na kwa familia inayotegemea mshahara mmoja wa kambi ya Karatu au hoteli ya Nungwi, kungoja huko ni ada ya shule isiyolipwa na deni dukani. Ada hiyo hudaiwa Januari, shule zinapofunguliwa, yaani katikati ya miezi ambayo mgeni ameambiwa asije. Ushauri huo huo humkosesha hata mwananchi. Likizo ndefu ya shule Tanzania ni ya Desemba, mwezi ambao mabasi ya Kilimanjaro hujaa Wachaga wanaopanda nyumbani kwa Krismasi, na familia nyingi za mijini huwa na siku kadhaa zisizo na shughuli. Ni wakati ambao familia hizo zingeweza kuingia Ngorongoro au Mikumi kwa ada ya mwananchi, ambayo ni sehemu ndogo tu ya ile anayotozwa mgeni wa nje, au kupumzika Lushoto katika milima ya Usambara. Lakini kwa kuwa zimesikia kwamba Desemba ni msimu wa mvua, hubaki kudhani kwamba mbuga si zao na kwamba wakati wake umekwisha kupita.

Ushauri unaostahili kutolewa huanza kwa kumuuliza mgeni anataka kuona nini, kisha hutaja mahali na juma, wala hautoi jibu moja kwa nchi nzima. Anayetaka ndama wa nyumbu aende Ndutu Februari. Anayetaka maua aende Kitulo Januari au Februari. Anayetaka papa potwe aende Mafia Novemba au Desemba. Anayetaka tembo wengi mahali pamoja aende Tarangire Septemba. Anayetaka Katavi na Nyerere kwa gari aache Aprili ipite. Akisafiri kipindi cha mvua afuatilie taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hutoa angalizo pale hali mbaya inapotarajiwa, na tahadhari pale inapozidi kuwa kubwa; akodi gari la magurudumu manne yenye nguvu pamoja na dereva anayeijua njia hiyo, aanze safari alfajiri, asivuke korongo lenye maji yanayokwenda kasi hata kama gari la mbele limevuka, na aache siku nzima ya akiba kabla ya ndege yake ya kurudi. Hayo hayahitaji ujasiri wowote. Wasafiri wa kawaida wa Tanzania huyafanya kila mwaka.

Waandishi wa vitabu vya wasafiri, wenye kampuni za kutembeza wageni na ofisi zinazoitangaza nchi nje wanaombwa kuliondoa lile jedwali la miezi kumi na miwili lenye rangi mbili, ya kijani na nyekundu, na mahali pake waweke jedwali la kanda, linalotenganisha vuli, masika na mvua za msimu kama utabiri wa taifa unavyofanya. Taarifa za kulijaza zipo tayari, kwa Kiswahili, na hutolewa kwa umma kila msimu.